Jina Lililosikika Nusu

Mwaka 1970 Muhiddin alikuwa karani wa taipu katika ofisi moja ya serikali mjini Unguja, ofisi ambayo watu wakiifikia huvuka wakapita upande wa pili wa njia. Miaka minne nyuma alipata homa kali, na tangu hapo usikivu wake ukawa unapungua kidogo kidogo. Sauti nene alizisikia bado. Herufi nyepesi, kama f na s na h, zilimkimbia, na maneno yakamfikia kama nguo iliyoliwa na nondo. Ofisini hakumwambia mtu. Alitazama midomo, akakisia, akaitikia "naam" pale alipoona panataka naam.

Nyumbani, Mwatima mkewe alikuwa na njia zake. Humgusa bega kwanza, akasimama penye mwanga, ndipo akasema, polepole, bila ya kupiga kelele. Likiwa ni jina la mtu, humwandikia kwa kidole kiganjani.

Mashine ya kusikilizia alipewa na jirani yake Taherali, fundi wa saa. Ilikuwa ya marehemu baba yake Taherali: kisanduku kama paketi ya sigara cha kutia mfukoni, waya mwembamba, na kidude cha kuingiza sikioni.

"Betri nimetia mpya," Taherali alisema. "Utasikia mpaka kanga zinavyosuguana. Lakini siku hizi, mtu kuonekana na waya kifuani..."

Alasiri hiyo hiyo Muhiddin aliivaa chumbani. Akasikia maji yakimiminwa uani, akasikia mlango wa jirani, kisha sauti ya mwanamke ukumbini. Ilikuwa ya Time, mke wa Pandu Faki, seremala aliyekuwa akitia milango kwenye majumba mapya ya Michenzani.

"Wamemchukua kazini, Bi Mwatima. Wana karatasi yenye jina lake. Mwenyewe hajui wanamtakia nini."

Muhiddin akakaa kitandani. Karatasi ile aliipiga yeye, juzi. Mkuu wake, Ndugu Borafya, alimsomea majina huku amegeukia dirishani, pangaboi linavuma. Katika jina la mwisho la orodha Muhiddin alisikia Pandu, kisha a, kisha i. Mwanzoni na katikati hapakuwa na kitu. Asubuhi ile alikuwa ameshauliza mara mbili, akaogopa kuuliza ya tatu. Akamkumbuka Pandu anayesali naye msikiti mmoja, na vidole vikaandika Faki.

Asubuhi ya pili alikwenda kazini na mashine ndani ya koti, akaingia kwa Borafya hata kabla ya kukaa kwenye kiti chake.

"Ndugu, jina la mwisho la juzi nlikosea. Sikulisikia sawasawa. Nliandika Faki."

Borafya aliendelea kukoroga chai. "Nlisema Haji," akajibu, kwa sauti ya chini kabisa, wala hakuinua uso. Muhiddin alilisikia lote.

"Basi Faki hamna neno naye."

"Unadhani sijui kwamba husikii?" Borafya alikuwa kama anasema na kikombe. "Mwaka wa pili huu najua. Chumba hiki kinataka mtu kama wewe. Watu wanasema humu, wanalia humu, nawe unapiga taipu yako." Ndipo akainua macho. "Leo lakini unanisikia."

Akanyoosha mkono. Muhiddin akachomoa kidude sikioni, akakiweka kisanduku mezani na waya wake. Borafya akakitia kwenye mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo. Kisha akageukia dirishani akasema jambo refu. Muhiddin aliliona taya likienda juu na chini. Alichosikia ni pangaboi.

Alipogeuka, Borafya alimpa karatasi aliyoiandika kwa mkono: Pandu Haji, mchukuzi, bandarini. Habari za Faki hazikutajwa.

Muhiddin aliipiga, na hakuharibu hata herufi moja. Saa sita akatoka kama anayekwenda kusali, akashika njia ya bandarini. Pandu Haji alikuwa jitu la mtu, mabega yamejaa vumbi la karafuu. Muhiddin alimjua kwa sura tu, hawakuwahi kusemeshana.

"Jina lako limeandikwa," Muhiddin alimwambia. "Usirudi kwako."

Yule mtu akamuuliza kitu, midomo ikienda mbio. Muhiddin hakupata hata neno.

"Sisikii," akasema. "Nenda tu."

Walipokwenda kumchukua Pandu Haji hawakumkuta, wala hakuonekana tena Unguja. Siku ya tatu Pandu Faki akaachiwa. Time alikuja kutoa habari, na Muhiddin akamwambia palepale kwamba aliyeandika ni yeye. Time alimtazama, akasema na Mwatima, kisha akajifunga buibui akatoka.

"Kasemaje?" Muhiddin aliuliza.

"Kasema mlangoni kwake usifike."

Ofisini alimkuta karani mwengine kwenye kiti chake. Borafya alimwandikia neno moja tu: Kapumzike. Muhiddin alilifahamu. Kabla ya Haji kutoweka jina lake lilijulikana na watu wawili tu, Borafya na yeye aliyelipiga taipu.

Toka siku hiyo Mwatima alihamishia kofia zake za kushona ukumbini, akawa anakaa ameelekea mlango. Muhiddin alikaa mbele yake, kwa sababu yeye hodi asingeisikia. Alitazama uso wa mkewe kutwa nzima. Siku ya kwanza alibisha muuza maziwa. Siku ya pili hakuja mtu. Siku ya nne, watu wametoka kusali alasiri, sindano ikasimama.

"Ni nani?"

Mwatima alisikiliza, shingo kaigeuza. Kisha akamwelekea.

"Wawili," akasema polepole. "Wanakuita kwa jina lako kamili."

Akataka kuinuka. Muhiddin akamwekea mkono begani akamkalisha, akavaa viatu, akaenda kufungua mwenyewe.