Vijiti vya Vaishali

Kwa miaka tisa Polycarpe alikuwa mwenyekiti wa chama cha Warundi wa mji wa Irving, ughaibuni, na kila uchaguzi ulifanyika kwa kunyoosha mikono. Hakuna aliyewahi kumpinga. Wengi wa wanachama, yeye ndiye aliyewatafutia kazi kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege.

Mwaka huu binti yake Aurore, anayesoma historia chuoni, aliomba kusema kwenye mkutano wa uchaguzi. Alieleza kwamba zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kaskazini mwa India, palikuwa na dola zisizo na mfalme wa kurithi. Mjini Vaishali wakuu wa koo za Walichavi walikaa ukumbini wakaamua mambo pamoja. Watawa wa Kibuddha, ambao baadhi ya wanahistoria wanaona waliiga mabaraza hayo, walipiga kura kwa vijiti vya rangi, nyakati nyingine kwa siri. Akapendekeza chama nacho kipige kura hivyo.

Mama yake, Marie-Rose, aliuliza kama wanawake waliingia ukumbini. Aurore alikiri kwamba hawakuingia, wala watumwa.

"Basi sisi tutaingia," mama akasema. Watu wakacheka, hoja ikapita.

Walichukua vijiti vya kukorogea kahawa wakavipaka rangi ya kucha: bluu kwa Polycarpe, nyekundu kwa Révérien, mfanyakazi wa hoteli aliyekubali kugombea ili tu pawepo mtu wa pili. Kila mmoja alitumbukiza kijiti kimoja sandukuni bila kuonwa.

Bluu ishirini na moja, nyekundu kumi na tisa. Polycarpe alishukuru kwa maneno machache.

Garini, akiwa na mkewe tu, alianza kukisia majina ya wale kumi na tisa. Marie-Rose alimwacha afike jina la sita.

"Papa Aurore, acha kuwatafuta. Kimoja ni changu."

Polycarpe alimuuliza amemkosea nini. Mkewe akajibu kwamba hajamkosea. Ila kila Jumapili alasiri Polycarpe alikuwa kwenye shida za watu, naye mke alimtaka nyumbani. Kwa kunyoosha mkono asingethubutu.



Mwezi uliofuata aliitisha kikao, akamkabidhi Révérien muhuri na orodha ya wanachama. Wengine walidhani anaumwa. Jumapili ya kwanza alikaa sebuleni na viatu miguuni, funguo za gari mkononi, hadi saa kumi, Marie-Rose alipomwambia avivue.