Mguu wa Kushoto wa Nkwabi

Kwenye mgodi wetu wa almasi hakuna aliyeinama. Siwasemi wachimbaji wakiwa kazini, hao walikuwa na utaratibu wao. Nasema sisi wengine, makarani, mafundi, wapishi na wake zetu. Ukiwa ndani ya uzio na kitu kikakuponyoka, iwe kalamu au senti kumi, unasimama palepale na kunyoosha mkono juu, mpaka mlinzi aje akuokotee. Ukiinama mwenyewe, wewe mwizi. Miaka ikipita mwili unazoea. Sokoni Shinyanga mjini mtu wa mgodini alijulikana mara moja: shilingi imemdondoka, naye kasimama anaitazama tu, wauza nyanya wanamcheka. Mke wangu Bernadina alikuwa akisema ameolewa na mwanamume asiye na kiuno.

Mgodi wenyewe ulikuwa mdogo, si ule mkubwa wa upande wa Songwa. Lakini timu za mpira tulikuwa nazo mbili. Timu ya kwanza ilicheza ligi ya mkoa, na wachezaji wake walikuwa na ajira, chumba cha matofali na kitanda cha chuma. Timu ya pili ilikuwa ya vijana wa majaribio, waliolala sita sita kwenye bweni la mabati, wakila ugali wa mgodi na kungoja. Kila mwaka mzunguko wa kwanza ulipokwisha, mimi ndiye niliyeandika karatasi za tathmini za washambuliaji wao. Wawili wanapanda, waliobaki wanarudi makwao. Kazi yangu hasa ilikuwa ukarani wa stoo, ila nilikuwa nimecheza winga zamani, kabla goti halijaharibika, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Nilikaa nyuma ya goli, juu ya kreti la soda, daftari mapajani. Kila shuti niliandika: mguu gani, limelenga au limepaa, mpigaji alikuwa anakabwa au yuko peke yake. Mashabiki wanahesabu magoli, na mashabiki hawajui kitu. Mwaka ule wa sabini na sita washambuliaji walikuwa wanne. Anatoli wa Ushirombo alikuwa hodari kwa kichwa, lakini akipigwa kiwiko kimoja anapotea mchezo mzima. Bujiku alikuwa na mbio za ajabu na hakujua azipeleke wapi. Maduhu alifunga magoli saba, matano kati ya hayo dhidi ya timu ya walimu wenye vitambi. Wa nne alikuwa Nkwabi.

Nkwabi alitoka vijiji vya Kishapu, mchunga ng'ombe wa miaka ishirini. Kwao walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya miaka miwili nyuma, ng'ombe wengi wakafa, na yeye ndiye mtoto mkubwa. Hakuwa mtu wa kulalamika. Aliniambia mara moja tu: "Baba Melania, nikipata ajira nitampeleka mama hospitali ya Kolandoto. Macho yake yanafunga." Uwanjani alipiga kwa miguu yote miwili, na wa kushoto ulikuwa bora kuliko wa kulia. Katika miaka tisa ya kukalia lile kreti sikuwa nimeona mguu wa kushoto wa namna ile. Nakiri nilifurahi. Tangu hapo sikumbuki kuufurahia mpira tena.

Mechi ya mwisho ya mzunguko tulipata penalti, na Nkwabi akapewa apige. Uwanja wetu ulikuwa umemwagiwa changarawe iliyobaki baada ya kuchekechwa, na uzio ulikuwa hatua thelathini tu nyuma ya goli. Aliweka mpira, ukabingirika. Akauweka tena, ukabingirika tena. Kulikuwa na kijiwe chini yake. Mtu aliyekaa pale mwaka mmoja angemwita mlinzi. Nkwabi alikuwa na miezi mitano, na kwao jiwe linaokotwa na kurushwa kutwa nzima, ndivyo ng'ombe anavyorudishwa kundini. Akainama, akaokota, akarusha nyuma ya goli bila hata kutazama linakokwenda.

Lilidondoka karibu na kiatu changu. Nililiona. Kijiwe cha kijivu, hata kumfukuzia kuku hakifai. Sheria ilikuwa ninyooshe mkono. Kukiokota nisingeweza, kiuno kilishakufa zamani, lakini hata kukikanyaga ili kisipotee ningeweza. Sikufanya lolote. Refa alikuwa ameshapuliza, Nkwabi anakimbilia mpira, na mimi kalamu ilikuwa mkononi. Nikaandika: kushoto, chini, pembeni kabisa, golikipa hakugusa. Nilipoinua macho watu walikuwa wanarukaruka nyuma ya goli, vumbi limetimka, na pale miguuni pangu palikuwa na vijiwe vya kijivu visivyo na idadi.

Eustace, mlinzi wa uzio, alinijia baada ya mchezo.

"Karani, yule kijana katupa kitu kuelekea uzio. Umekiona?"

"Nimekiona. Jiwe tu."

"Liko wapi?"

Nikatazama chini. Naye akatazama chini.

"Ulinyoosha mkono?"

"Nilikuwa naandika."

Akatoa daftari lake, naye akaandika.

Nilijua anachoandika. Wezi wa almasi walikuwa na njia hiyo: mmoja anarusha akiwa ndani, mwenzake anakuja kuokota nje ya uzio.

Jumatatu niliitwa na Otmar, afisa utumishi, mtu mpole mwenye kikohozi kisichopona. Walikuwa wameshapekua bweni zima kwa kisingizio cha kunguni na hawakupata kitu. Nkwabi mwenyewe alikuwa amesaidia kutoa magodoro nje.

"Stanslaus," alisema, "sina ushahidi, siwezi kuandika habari ya jiwe. Nikiandika, polisi watakuja, na wewe utaulizwa kwa nini hukunyoosha mkono. Lakini kumwajiri siwezi. Niandikie sababu ya mpira."

"Sababu gani?"

"Mtaalamu si wewe?"

Nilirudi stoo. Karatasi ilikuwa na mistari yake: mbio, kichwa, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, nidhamu. Nidhamu sikutaka kuigusa, maana hapo ndipo maswali huanzia. Mbele ya mguu wa kushoto nikaandika: dhaifu, hauna nguvu wala shabaha. Nikagonga muhuri. Nilikuwa nawaza kwamba sukari imeadimika na Bernadina atanipa tena chai isiyo na sukari. Nilijua vizuri kabisa kwamba nimemfukuza mchezaji bora niliyewahi kumwona ili mimi nisiulizwe swali moja, lakini moyoni sikusikia chochote, ni ganzi tu.

Anatoli na Maduhu wakapanda. Nkwabi alipewa nakala yake kama wenzake, na kwa kuwa hakujua kusoma akaniletea nimsomee. Nikasoma. Akautazama mguu wake kwa muda mrefu.

"Wa kushoto?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Nami nilidhani ndio mzuri." Akaikunja karatasi mara nne. "Wabeja, asante baba. Afadhali umeniambia."

Akapanda lori la mkaa akaenda zake. Niliendelea kukalia kreti misimu mingine saba.

Mwaka wa themanini na tatu nilitumwa Kishapu kufuata magunia. Gari likapata pancha asubuhi karibu na kijiji kimoja cha barabarani, dereva akaanza kuhangaika na jeki, nami nikajisogeza kwenye kivuli cha ghala la pamba. Upande wa pili wa ghala nikasikia kishindo. Kikanyamaza. Kikarudi. Nikazunguka kutazama. Mtu mzima alikuwa anapiga mpira ukutani peke yake, mguu umefungwa kitambaa gotini. Alipiga kwa kushoto tu. Plasta ilikuwa imebanduka mahali pamoja, pakubwa kama sinia, na kila shuti lilikwenda hapohapo.

"Baba Melania!" Alinitambua kabla yangu. "Mwangaluka! Shikamoo!"

"Marahaba, Nkwabi. Mama hajambo?"

"Yupo. Alipofuka mwaka wa sabini na nane." Alisema hivyo akijifuta jasho, kisha akacheka kwa furaha ya kuniona. "Mungu kakuleta. Ngoja."

Akaenda kwenye shati lake lililotundikwa mtini, akarudi na karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo. Muhuri wangu nikauona. Alisema alikuwa amejifunza kusoma darasa la watu wazima, na kitu cha kwanza alichosoma mwenyewe ni ile karatasi.

"Kila siku, kabla sijaenda shamba. Mwaka wa saba huu. Tazama, baba." Akapiga. Hapohapo. "Mguu umekaa sawa sasa? Kama umekaa sawa, niandikie nyingine, niende nayo getini."

Alikuwa na miaka ishirini na saba na goti limevimba. Nikatoa kalamu, ikaniponyoka. Nikasimama. Mkono wangu ukapanda juu wenyewe, pale katikati ya kijiji, hakuna uzio wala mlinzi. Nkwabi akainama akaiokota, akanipa, bila hata kuutazama ule mkono uliokuwa hewani.

Hapo ndipo kitu kiliponichoma. Kilichelewa miaka saba, lakini kilinichoma, na niliona haya mpaka machozi yakanilenga. Nikageuza karatasi, nikaandika nyuma yake: Mguu wa kushoto haukuwa na kasoro tangu mwanzo. Nikaweka sahihi.

Alisoma taratibu, kidole kikifuata maneno. Akarudia kusoma. Furaha ikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Sasa mimi nilirudishwa kwa nini?"

"Kwa ajili ya lile jiwe," nikasema.

Alikunja uso, akajaribu kukumbuka, akajaribu tena, kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayetaka kumsaidia mwenzake.

"Jiwe gani, baba?"