Asubuhi Walipomsalimia Bwana Abdalah

Josepha Niyitegeka alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: akiona mtu anaonewa, anasema kwanza, anafikiri baadaye. Ndio uliomfukuzisha kazi kwenye nyumba ya wageni kule Kibondo, siku alipowasomea wafagizi wenzake mikataba yao kwa sauti, na mwenye nyumba yuko chumba cha pili anakunywa chai. Mwaka 2013 ulimkuta Kasulu, katika ghala la maharage, yeye na wanawake wenzake ishirini na saba, ungo mapajani, wakichambua mawe na punje mbovu. Mkobani alikuwa na kijitabu cha sheria za kazi chenye madoa ya mawese. Mumewe, Obedi, alizoea kusema kuwa nyumbani kwao kuna wake wawili, na mke mkubwa ni kile kijitabu.

Wiki hiyo kijitabu kilikuwa kimegonga mwamba. Elieth, mwenzao, alikuwa amerudi kazini baada ya kujifungua, na siku ya kwanza tu akaomba atoke kidogo mchana akamnyonyeshe mtoto. Msimamizi wao, Bwana Abdalah, akamwambia aende akanyonyeshe moja kwa moja, asirudi. Josepha alimsomea Bwana Abdalah ukurasa unaompa mama muda wa kunyonyesha kila siku. Alimsomea mara mbili, na mara zote mbili akajibiwa kwamba vitabu havichambui maharage. Elieth hakuwa na mume wala shamba. Asiporudishwa, hana pa kushika. Nao wangegoma waziwazi wangefukuzwa wote, maana nje ya lango watu wa kutafuta kibarua hawakosekani.

Bwana Abdalah, tuseme ukweli, hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa mtu wa Tanga aliyependa heshima kuliko pilau. Kilichomkera ni wanawake kumpita asubuhi wakinong'ona shikamoo ya haraka na macho chini. Basi Jumatano akabandika tangazo mlangoni: kila mfanyakazi amsalimie msimamizi ipasavyo, kwa mujibu wa mila, ndipo aanze kazi. Maskini ya Mungu. Angemuuliza mwenyeji hata mmoja, angelichana tangazo lile mwenyewe.

Josepha alilisoma, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Jamani," aliwaambia wenzake jioni wakijikung'uta vumbi, "kwani kwetu Buha mtu anasalimiwaje ipasavyo?"

Wa kwanza kuelewa alikuwa Immakulata, mkubwa wao wote, bibi wa wajukuu kumi na mmoja. "Ego, ndiyo," alisema taratibu. "Kesho mnitangulize mimi."

Alhamisi asubuhi lori la Mwanza lilikuwa limeshaegeshwa likisubiri magunia. Immakulata akapiga magoti mbele ya meza ya Bwana Abdalah, akaanza kupiga makofi ya polepole.

"Mwakeye, bosi. Umelalaje? Mama watoto amelalaje? Watoto je? Mama yako mzazi? Na ng'ombe?"

"Sina ng'ombe."

"Pole sana." Yakafuata makofi ya pole. Akaulizia mbuzi, mvua za Tanga, na jirani wa upande wa kulia. Halafu akasubiri, magoti yako palepale.

"Haya, bibi, kazini."

"Bado wewe, bosi," alisema Josepha kutoka kwenye foleni. "Kwetu anayesalimiwa naye huuliza. Ana wajukuu kumi na mmoja. Ukimruka mmoja, ni kama umemzika."

Bwana Abdalah akawaulizia wote kumi na mmoja.

Saa tatu walikuwa wamefika mtu wa sita. Dereva akachungulia dirishani, akaona bosi anapiga makofi, akarudi kwenye lori lake bila kuuliza.

"Fupisheni basi," alisema Bwana Abdalah.

"Tangazo linasema ipasavyo. Tuandikie kwamba heshima si lazima, tuanze kazi sasa hivi."

Hilo hakuliweza. Akaendelea, na kilichomtia Josepha wasiwasi ni kwamba alianza kunogewa. Kufikia mtu wa ishirini makofi yake yalikuwa na mahadhi, na "watoto hawajambo?" ilimtoka kabla hajaulizwa kitu. Mpango wa kumchosha mpaka amrudishe Elieth ulikuwa unaelekea kumburudisha.

Ndipo Josepha akamwona Elieth mwisho wa foleni, mtoto mgongoni. Alikuwa amemwambia abaki nyumbani. Akaogopa: huyu si mfanyakazi tena, atatolewa nje mbele ya wote. Elieth akapiga magoti, akapiga makofi, akamuulizia mke, watoto na mama mzazi, asimruke hata mmoja.

"Wote wazima," alijibu Bwana Abdalah, ulimi umeshazoea. "Na mtoto hajambo?"

Hapo akamtambua, lakini swali lilikuwa limeshatoka.

Kila mtu anajua jibu la swali hilo ni hajambo. Elieth hakulisema. "Si mzima sana, bosi. Nashinda na njaa, maziwa yanapungua. Analia mpaka anachoka mwenyewe."

Bwana Abdalah alimtazama yule mtoto. Kisha akainuka, akamsogezea kiti chake. "Kaa hapa. Mnyonyeshe." Dereva akapiga honi nje. "Asubiri," alisema.

Wanawake wakajifuta macho kwa kanga. Josepha naye kidogo aseme asante aende zake kwenye ungo. Lakini aliwafikiria watakaojifungua baada ya Elieth, siku Bwana Abdalah akishahamishwa na kuletwa mtu asiyejali salamu. Akaweka karatasi mezani.

"Asante, bosi. Na kesho?"

Bwana Abdalah akashusha pumzi. "Josepha, wewe huchoki?"

"Nachoka sana," alisema, na ilikuwa kweli. "Ndiyo maana nataka iandikwe. Kila mama, kila siku, akianza Elieth."

Bwana Abdalah akavuta kalamu, akaandika. Alipofika kwenye sahihi, Elieth alikuwa bado ananyonyesha.