Alama Moja kati ya Tano

Sioni haya kusema: ile makala niliipa alama moja kati ya tano, na kama sifuri ingeruhusiwa ningetoa sifuri.

Ilikuja bila jina. Ndivyo kongamano letu la mifumo ya habari linavyofanya kwa makala zinazowania tuzo: wahakiki wawili, mwandishi hajui nani anamsoma, nao hawajui nani kaandika. Lakini mimi si mtoto mdogo. Kurasa mbili tu nikamjua. Bingwa! Mhadhiri wa chuo jirani, aliyebeba tuzo miaka mitatu mfululizo na kila mara akaja kunipigapiga begani. Kichwa kirefu kama treni, mchoro wa masanduku matatu yenye mishale, na wauguzi wanaoandika wagonjwa kwenye daftari kwanza, halafu jioni ndipo wanaingiza kwenye kompyuta, wakubwa wakidhani mfumo unafanya kazi. Utafiti mzuri, sikatai. Ndiyo maana niliukata mapema. Nikaandika: "Hana jipya. Atafute kazi nyingine." Nikanywa chai yangu kwa raha zangu.

Orodha ya fainali ikatoka, makala ile haimo. Nilikuwa ofisini nacheka peke yangu alipoingia mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ni msaidizi wangu wa utafiti. Nyumbani ananiita mjomba, kazini mwalimu. Siku ile alichanganya.

"Mjomba... mwalimu, wameniangusha." Akaweka karatasi mezani. "Nilituma kimyakimya. Kwenye fomu wanauliza kama una ndugu au msimamizi kwenye kamati, nikaacha wazi. Nilitaka iwe sapraizi."

Nikayaona masanduku matatu.

"Mbona umeandika kama Bingwa?"

"Si wewe uliyeniambia? Mwaka mzima, 'andika kama Bingwa, ndicho wanachopenda.'"

Kweli nilimwambia. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na mkuu wa idara alishasema: akipata tuzo anabaki, akikosa afungashe virago.

"Mmoja kanipa tano," akasema. "Huyu mwingine ndiye kaniua. Nitafute kazi nyingine! Mtu ana roho gani huyu, mjomba? Ni nani?"

Simu moja tu ingetosha. Ningemwambia mwenyekiti wa tuzo kuwa nimemhakiki ndugu yangu, alama zangu zifutwe, arudishwe fainali. Lakini simu hiyo ingenivua nguo mbele ya wote, na Bingwa angecheka mpaka ashike mbavu.

"Ni Bingwa," nikasema. "Hapendi kuigwa."

Akaniamini. Akanishukuru hata.

Siku ya tuzo, wakati wa chakula cha mchana, Bingwa alinifuata mezani. "Yule binti wa makala ya wauguzi ni wako, siyo? Nimeambiwa jina lake jana. Mimi nilimpa tano, sijui mpumbavu gani alimpa moja. Nina nafasi ya kazi chuoni kwetu, mwezi ujao tu. Nitambulishe."

Nilijua kitakachotokea. Namchukia mtu huyu, na niliogopa kufichuliwa.

"Yule pale," nikasema. "Nenda tu, hana maneno."

Akaenda, mkono mbele. Mpwa wangu hakuupokea.

"Wewe!" Sauti yake ilifika mpaka meza za nyuma. "Una roho mbaya! Bora nikae bila kazi kuliko kukupa mkono!"

"Binti, mimi—"

Akamgeuzia mgongo. Watu wakacheka chinichini. Bingwa akaondoka zake, masikio yamemwiva.

Mpwa wangu akaja kuketi kando yangu. "Nimempa vidonge vyake, mjomba."

"Umefanya vizuri," nikasema, nikamsogezea keki.

Mwisho wa mwezi nilimbebea boksi lake la vitabu mpaka getini. Alilia begani kwangu, akasema katika chuo kile chote hakuwa na mtu mwingine wa kumtetea ila mimi.