Enoch Aliyezikwa Kabla ya Kutuzaa

Tulimkuta baba yake babu yetu amekufa akiwa na miezi ishirini.

Nilidhani nimesoma vibaya. Nikavua miwani, nikaifuta kwa ncha ya sweta, nikaivaa tena. Kitabu cha maziko cha parokia ya Wirksworth, tarehe tisa Januari 1870, mstari wa tatu kutoka chini: Enoch Doxey, wa mtaa wa Greenhill, miezi ishirini. Mwandiko wa kasisi ulikuwa mzuri kupita kiasi, kila herufi imesimama peke yake, huwezi kuisingizia.

"Clive," nikamwita kaka yangu. "Hebu njoo usome hapa."

Clive aliendesha malori ya machimbo ya mawe maisha yake yote na hana subira na karatasi. Alikuja tu kwa sababu gari langu lilikuwa gereji. Akainama, akasoma, akanyanyuka taratibu.

"Huyu siye."

"Greenhill kulikuwa na nyumba moja tu ya akina Doxey. Jabez na mkewe Hannah, wazazi wa Enoch wetu. Na mtoto wao Enoch alibatizwa Mei 1868. Hesabu mwenyewe."

"Kama huyu alikufa, mimi na wewe tumetoka wapi? Tumeokotwa jalalani?"

Alisema kwa mzaha, lakini hakucheka, nami sikucheka. Enoch Doxey tuliyemjua sisi alikuwa na masharubu kama ufagio na picha yake inaning'inia ndani ya kanisa letu dogo hadi leo. Alichonga mawe, akaongoza kwaya miaka arobaini, akazaa watoto tisa, akafa mwaka 1954 akiwa na miaka themanini na minne. Kanisa lilikuwa linatimiza miaka mia na hamsini, na wazee wake walitaka kila ukoo wa zamani uandike ukurasa mmoja juu ya mtu wao. Mimi nilipika chakula cha shule miaka thelathini na moja. Nimestaafu, kwa hiyo kila mtu anaamini sina la kufanya. Ukurasa wa akina Doxey ukaniangukia.

Bi. Tansley, mwanamke mfupi anayetunza nyaraka pale Matlock, aliona nyuso zetu akaja.

"Msishtuke mapema," alisema. "Zamani mtoto akifa, anayezaliwa baada yake mara nyingi alipewa jina lilelile. Nimekutana na akina William watatu tumbo moja. Wenu alizaliwa lini?"

"Tarehe kumi na mbili Machi, 1870," nikasema. Siku hiyo tuliijua sote. Kwaya ilimwimbia kila mwaka.

Bi. Tansley akahesabu kimoyomoyo. Niliona midomo yake inacheza kisha ikatulia. "Wiki tisa baada ya maziko," alisema. "Basi Hannah alimzika mmoja huku mimba ya mwingine ina miezi saba. Inawezekana. Tumtafute."

Tukamtafuta. Ubatizo hakuna. Usajili wa kuzaliwa hakuna, si Wirksworth wala mji wowote wa jirani. Watoto wengine sita wa Hannah wote walibatizwa kabla hawajafikisha mwezi. Huyu peke yake ilikuwa kana kwamba aliingia nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Ndipo Bi. Tansley akatufungulia sensa ya 1871 kwenye kompyuta. Familia nzima ilikuwapo: Jabez, Hannah, watoto wanne, na mwishoni Enoch, mwana, mwaka mmoja. Kalamu ya risasi ya Bi. Tansley ilipanda juu mistari kadhaa ikasimama.

"Huyu Keziah ni nani?"

"Shangazi Keziah? Dada mkubwa wa Enoch. Alikuja kuolewa Cromford," alisema Clive.

"Ana miaka kumi na saba hapa, na hana kazi. Tazama mdogo wake wa miaka kumi na miwili, anafanya kazi kiwanda cha utepe. Baba fundi mawe, nyumba ya watu saba. Msichana mkubwa na mwenye nguvu anakaa nyumbani anafanya nini?"

"Labda alikuwa mgonjwa," Clive akasema.

"Labda." Bi. Tansley alishusha sauti, ingawa chumbani hatukuwa na mwenzetu. "Au alikuwa ananyonyesha."

Nilitaka kumwambia huyu mama achunge ulimi wake, kwamba Hannah Doxey alifundisha Biblia watoto wa mtaa mzima, na kwamba watu wa namna ile hawakufanya mambo ya namna ile. Nikakohoa tu.

"Huo ni ushahidi?" Clive akauliza.

"Si ushahidi hata kidogo. Ndiyo maana tunamfuata yeye."

Tukamfuata Keziah kama mtu anavyofuata nyayo kwenye theluji. Aliolewa mwaka 1879 na mwashi mmoja, Thomas Spendlove. Hawakupata mtoto. Mumewe akafa mwaka 1903. Kisha tukafika sensa ya 1911, ambayo mwenye nyumba aliijaza kwa mkono wake mwenyewe. Keziah aliishi peke yake, kwa hiyo mwandiko ulikuwa wake: mkubwa, wa mtu aliyeandika kwa nadra na kwa kubonyeza.

Keziah Spendlove. Mjane. Miaka hamsini na saba.

Na kwenye visanduku vilivyofuata: Watoto waliozaliwa hai, mmoja. Walio hai mpaka leo, mmoja. Waliokufa, hakuna.

Juu ya majibu hayo matatu mtu alikuwa amepitisha mstari wa wino mwekundu.

"Nani amekata?" nikauliza.

"Karani wa sensa. Swali lile lilikuwa la wanawake wenye waume. Mjane hakutakiwa kulijibu, kwa hiyo akikuta mjane amejibu, anafuta." Bi. Tansley akagusa mstari mwekundu kwa penseli. "Hakuna aliyemlazimisha kuandika. Angeacha wazi."

Clive aliondoka bila kuaga. Nilimkuta kwenye maegesho, amekaa ndani ya gari na funguo mkononi, hajawasha.

"Liishie hapa," alisema. "Andika kwamba Enoch aliimba vizuri. Basi."

"Na Shangazi Mavis?"

"Hilary, Shangazi ana miaka tisini na mitatu. Ukampelekee habari kwamba babu yake alikuwa mtoto wa nje ya ndoa, na kwamba alivaa jina la marehemu? Unataka kumuua?"

"Ndiye pekee aliye hai aliyewajua wote wawili."

"Sijui nani alikulea wewe."

"Yuleyule aliyekulea wewe. Washa gari."

Nilikwenda Alhamisi, peke yangu. Shangazi Mavis, dada yake marehemu baba, bado anaishi peke yake na bado anachonga penseli kwa kisu. Alinifungulia mlango, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Umekuja na sura ya mtu aliyegonga mbwa wa jirani. Kaa. Chai iko kwenye birika, jimiminie."

Nilimweleza polepole, karatasi moja baada ya nyingine. Alisikiliza mkono umeshika sikio. Nilipofika kwenye wino mwekundu, aliweka kikombe chini, kikakosa kisahani, chai ikamwagika mezani. Hakuna aliyeifuta.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Mwongo wewe."

"Shangazi, karatasi hii hapa."

Aliichukua, akaisogeza karibu na pua.

"Nilikuwa na miaka mitano," alisema baadaye, macho dirishani. "Jumapili. Tumekaa mezani kwetu, babu Enoch kule mwisho, na Shangazi Keziah amealikwa. Mzee kabisa. Mimi nilikuwa nakohoa, akamwambia mama yangu kifua kile kipakwe mafuta ya bata. Mama hakupenda kuelekezwa. Mgeni alipokwenda kunawa, mama akanong'ona: tasa huyu, anajua nini juu ya watoto? Aliporudi, mimi... Mimi ni mtoto, nataka wakubwa wacheke. Nikasema kwa sauti: Mama anasema wewe hujui kitu juu ya watoto, maana hujawahi kuwa na hata mmoja."

Sikuweza kumwangalia.

"Alifanya nini?"

"Alitabasamu. Akasema, kweli mwanangu, mama yako ana haki. Akaendelea kukata viazi vyake vipande vidogo vidogo. Lakini babu aliinuka. Mtu ambaye hajawahi kuacha chakula siku zote nilizomjua, aliinuka akatoka nje bila kofia, mvua inanyesha. Mama alidhani amekasirishwa na utovu wangu wa adabu. Nikachapwa." Alinigeukia, macho yamekauka na makali. "Alijua? Babu alijua?"

"Sijui, Shangazi."

"Makaratasi yote hayo na hujui!"

"Hakuna karatasi inayosema."

"Basi walau niambie Keziah amezikwa wapi. Hilo nalo gumu?"

Halikuwa gumu, ila kwa hilo nilihitaji kwanza tarehe ya kifo. Niliagiza cheti cha kifo cha Keziah, nikangoja siku kumi na mbili. Kilipoingia mlangoni pamoja na matangazo ya pizza, nilikifungua nimesimama jikoni, nikitafuta tarehe tu. Novemba 1937. Ugonjwa wa moyo. Nilikuwa tayari nakikunja niliposoma safu ya mwisho, ile ya mtu aliyekwenda kwa msajili kutoa taarifa, na uhusiano wake na marehemu.

E. Doxey. Mwana. Alikuwepo wakati wa kifo.

Nilikaa sakafuni. Mwana. Si ndugu. Mbele ya karani wa serikali, akiwa mzee wa miaka sitini na saba, kiongozi wa kwaya, mjukuu wa Jabez aliyeitwa mwanawe tangu akiwa mchanga, Enoch aliulizwa wewe ni nani wa marehemu, akajibu.

Nilimpigia Clive. Nilimsomea maneno yale.

"Andika yote kwenye ule ukurasa," alisema. "Kanisa likitaka kufuta, waje kwangu."

Waliomba kweli kufuta. Walikwenda kwake. Hawakurudi tena na ombi hilo.

Alasiri ya siku kilipofika cheti, nilikipeleka kwa Shangazi Mavis. Alikwenda kuchukua kioo chake cha kukuzia, akakaa karibu na dirisha, akapitisha kidole chini ya kila neno mpaka akafika pale. Kidole kikabaki.

"Alimwambia karani," alisema.

"Ndiyo."

"Mtu asiyemjua. Alimwambia mtu asiyemjua." Akaondoa kioo jichoni. "Baada ya hapo alikaa miaka kumi na saba, Hilary. Nilimpelekea chai kila asubuhi. Nilimkata kucha alipokuwa hawezi. Miaka kumi na saba, hakuniambia."

Nilisema labda alikuwa anamlinda Hannah, au anatulinda sisi, au alizoea tu kunyamaza.

"Hapana," alisema Shangazi. "Alinisikia pale mezani. Alituona hatufai kuambiwa."

Alinirudishia cheti, kisha akabadili nia, akakivuta tena, akakiweka mapajani na kukifunika kwa viganja vyote viwili.

"Hiki kinabaki hapa," alisema. "Wewe nenda kaagize kingine."