Nywele za Mjomba Gervais

Hazikukatwa! Angeline, nywele za mjomba hazikukatwa, hata moja! Ngoja nikae kwanza, nimetoka kaburini mbio, pumzi inaisha.

Unajua Pasta Natanaeli alisema nini juzi. Kanisa yake haiziki mutu wa rasta. Mjomba Gervais aliimba reggae hapa mu kambi ya Misiera miaka kumi na mbili, akalima maharagi, bangi hakugusa hata siku moja. Lakini pasta: "Mutoe zile nywele, ndiyo nitaomba." Mama Goretti, bibi ya mjomba, akakubali. Aliogopa bwana yake azikwe bila maombi, kama mutu hana kwao. Leo asubui tukaenda Mbarara kuchukua mwili, makasi iko mu sakoshi yake.

"Siku ya ndoa nilimubembeleza aende kwa kinyozi," ananiambia njiani. "Akanijibu: basi olewa na kinyozi!"

Akacheka. Kisha akalia mpaka tukafika.

Pale morgue ya hospitali tukakuta bamama kama makumi mbili banaketi mu majani. Bibi za basoda ba jeshi! Mjomba alikuwa anaenda kuimba ku barracks yao kila mwezi. Mumoja, Enid, akaona makasi.

"Nyabo, mama, unataka kata nini?"

"Nywele. Pasta hataki kumuzika nazo."

"Wewe! Hapana kata! Bwana yangu ilienda Somalia, watoto ilikataa kulala. Mimi naimbia wao wimbo ya huyu mzee, ile ya baba anarudi na matope kwa viatu. Bwana haikurudi. Watoto bado inaimba ile wimbo."

Bale bamama bakaanza kuimba, polepole, mikono inapiga makofi kama vile gitaa ya mjomba ilikuwa inachelewa kidogo. Mwili ukatolewa; Mama Goretti akashika rasta moja ya ile nywele, akaiweka ku shavu.

"Batu bote banamujua nazo," akasema. Akamupa Enid makasi.

Kaburini, pasta akaangalia mu sanduku, akafunga Biblia, akaenda. Nilizani Mama Goretti ataanguka. Hapana! Akamuombea yeye mwenyewe, kwa sauti, jina ya bwana yake mara tatu. Bamama ba barracks balitufuata na lori, ni bo balijibu Amina. Sijawai kusikia Amina ya vile.

Na kwaya ya pasta? Haikumufuata, Angeline! Ilibaki imesimama pale, ikaanza kuimba ile wimbo ya matope... Aa, bananiita kumenya mihogo ya batu ba matanga. Kesho uje na bidon yako ya maji ku bomba mapema, nitakueleza yenye ilifuata.