Mama Alipotangulia Mlimani

Kila alfajiri mama alibandika maji ya kumwogeshea baba, akayapima joto kwa kiwiko, akayabeba kwenye beseni hadi chumbani. Baba tulikwisha kumzika, kabla ya mvua kuanza. Mama alisimama kidogo mbele ya kitanda kitupu, kisha akaenda kuyamwaga uani. Mimi nilimfungulia mlango wa nyuma.

Jumamosi moja mlango wa mbele uligongwa beseni likiwa bado mikononi mwake. Alikuwa jirani yetu, mwalimu mstaafu wa michezo, tuliyemwita Kocha.

"Dada, litue hilo beseni. Vaa viatu twende mlimani."

"Mlimani kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana tunakwenda."

Nilidhani atakataa. Akavaa raba zangu, nami nikafuatana nao.

Wiki hiyo baba mdogo alikuwa amepiga simu. Shangazi, dada yao yeye na baba, yuko kitandani, hajiwezi tena, na ukoo umeona mama ndiye akamuuguze, kwa kuwa amezoea kuuguza tangu ugonjwa wa baba. "Nimesikia," mama alimjibu. Hakusema ndiyo wala la. Nami nilijua kwamba asipokwenda yeye, macho yote yatanigeukia mimi, binti niliyemaliza chuo na sijapata kazi.

Wenzake Kocha wa kupanda mlima walikuwa wastaafu watupu. Kwao mwenye mwendo mdogo ndiye hutangulia, na ni mwiko kumpita. Wakamweka mama mbele.

"Mnanitanguliza kama jeneza," alisema.

"Afadhali wewe," akajibu seremala mmoja mwenye kitambi, huku akihema. "Wakinitanguliza mimi, hata kobe watatupigia honi."

Watu wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Kwenye kila kona aligeuka nyuma: "Kaka, umekunywa maji? Bibi, pumzika kidogo."

"Dada, hapa hakuna mgonjwa," Kocha akamwambia. "Tazama mbele."

Akatazama mbele, lakini sidhani kama aliona kitu.

Karibu na kilele niliona damu kwenye kisigino chake. Nikapiga magoti, nikamvua raba. Lengelenge lilikuwa limepasuka na soksi imelowa.

"Mama, huumii?"

"Sijui." Aliitazama ile soksi kama ya mtu mwingine.

"Turudi?"

"Hapana."

Kule juu kulikuwa na mawe na upepo, basi. Mama alikaa, viganja vimelala wazi mapajani, havina cha kushika. Simu yake ikaita. Upepo ulikuwa mkali, kwa hiyo akafungua spika.

"Shemeji," sauti ya baba mdogo ikasema, "Jumatatu naja na gari kukuchukua. Mgonjwa anakuulizia wewe tu. Nani mwingine ana mkono kama wako?"

Mama aliitazama ile simu mkononi.

"Shemeji, upo?"

"Nipo."

"Basi tumeshakubaliana."

Niliinamisha kichwa. Kando yetu seremala alikuwa akimenya yai, akaacha.

"Mmekubaliana nyinyi," mama alisema taratibu. "Mimi siji."

"Ah! Sasa shemeji, tufanyeje? Basi hata huyo binti, si yupo tu hapo nyumbani..."

"Na mwanangu haji." Akaisogeza simu karibu na mdomo. "Sitaki kuuguza mtu tena, shemeji. Nimechoka. Nimechoka tangu kaka yako angali hai."